Jina Nililokatazwa Kulitaja

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Twaha wenu, hapa studio yetu ndogo ya Najma, jijini Doha, na leo nimechanganyikiwa. Niliombwa nimkumbuke marehemu, lakini jina lake nisilitaje. Sasa mtu anakumbukwaje bila jina? Hebu tusaidiane.

Aliyetutoka ni mwigizaji wa filamu, mwanamke Mwinuiti wa Greenland mashariki. Kwao ni barafu, na meli ya bidhaa hufika kiangazi tu. Watu wa sinema walikwenda huko kukodi mbwa wa kuvuta sleji, vile vigari vya kuteleza barafuni. Wakapata mbwa, wakampata na yeye.

Sasa sikieni hili. Mama yake mzazi alikuwa akimwita "baba." Naam, baba! Alipewa jina la babu yake mzaa mama, aliyekufa, basi kwao akawa ndiye babu, amerudi. Mimi nilipohadithiwa nilishika kichwa.

Mwaka 2010 filamu yake ililetwa tamashani hapa Doha, naye akaja nayo. Mlangoni alisimama sekyuriti wa Kikenya, Cherotich wa Bomet. Akafungua mkoba wa mgeni, akakuta samaki wadogo wakavu.

"Wewe! Hii si ni omena?"

Mgeni akacheka, akamgawia. "Kwetu samaki hatuna mazoea nao, Twaha," Cherotich ananiambia. "Nilikula kwa heshima tu." Udugu ukaanzia hapo. Mwaka 2013 mgeni akarudi kuigiza mwanamke wa jangwani. Hoteli alilipiwa, lakini akalala kwa Cherotich na mumewe Wesley, kule Al Wukair.

Mwezi uliopita, Machi 2017, aliugua, akafariki kwao. Nimelia, sifichi. Mdogo wake, Nuka, akampigia Cherotich simu: "Jina lake lisitajwe kwanza. Linangoja mtoto. Wewe una mtoto mchanga, na dada alikupenda. Tunakuomba umpe."

Mtihani huo! Mtoto ni wa kiume. Na Wakalenjin, kabila la Cherotich, nao wana desturi yao: hutajwa majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, mpaka mtoto apige chafya. Akipiga, huyo ndiye aliyerudi. Mama yake Cherotich alikuja juu: "Huyo wa barafu ni wa nani kwetu? Hapana!"

Jana bibi huyo akataja majina kwa simu kutoka Bomet. Babu huyu, kimya. Shangazi yule, kimya. Wazee wote wakaisha. Cherotich akainama, akalisema lile jina taratibu.

Mtoto akapiga chafya.

Kisha bibi akasema, "Basi. Amekuja mwenyewe. Mfunikeni vizuri, huko kwenu AC ni kali."

Atakayesema ni vumbi la Doha, shauri yake. Mimi sijui. Nawaachia mfikiri wenyewe: wale wetu tuliowazika, wako wapi hasa?

Nuka na mama yenu, sijui niwape pole au hongera. Pokeeni zote mbili. Mama, baba yako yuko Al Wukair, ananyonya. Na sasa nimeruhusiwa kulitaja jina.

Anaitwa Aviaq.