Miaka Iliyonunua Mabati

Matatu ilipotoka Litein, mzee aliyekaa nyuma yangu alianza kumweleza mama wa kando yake kwamba anaenda kukodi shamba la majani chai la jirani, miaka kumi, pesa yote mara moja. Hawakujuana, lakini mwenye mpango mzuri hachagui msikilizaji.

"Nimefuata historia ya bonasi ya chai, madam. Kila mwaka kiwanda kikilipa, mimi nanunua kitu. Mabati, ng'ombe, tangi ya maji. Yote iko kwa boma, kuja uone."

Mama alisema yeye ni karani wa sacco inayokopesha wakulima, kisha akauliza, "Na ile miaka bonasi ilikuwa kidogo, ilinunua nini?"

"Hiyo haikununua kitu."

"Kwa hivyo hukuihesabu."

"Nihesabu nini, na hakuna kitu ya kuonyesha?"

Tulipita shamba lililong'olewa chai na kupandwa mahindi. Nililiona mimi na dereva tu.

"Mzee, miaka hiyo watu walikuwa wanalia kwa ofisi yetu. Hiyo pia ni historia."

"Ni historia ya hao," mzee alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe.

"Na huyo jirani, yeye anakumbuka miaka gani?"

Gari likasimama kabla hajajibu. Jirani alikuwa anamngoja barabarani, amevaa suti siku ya kuchuma chai, na mashahidi wake wawili wa mkataba walikuwa tayari wanacheka.