Msamaha wa Kodi na Barabara ya Mzee Melkizedeki

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Same, ubavuni mwa duka la vipuri, na mwenye birika la kahawa ni Chiku. Jana ubishi ulikuwa juu ya kiwanda cha tangawizi. Kilifungwa mara tu msamaha wa kodi wa mwekezaji ulipokwisha. Sasa kimepata mwekezaji mwingine, na msamaha mwingine. Leo ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, tuichonge upya barabara ya kiwandani, kama tulivyomchongea yule wa kwanza bure. Walioanza kubishana ni Wilbard, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, na Nassoro, ambaye ni Mkataba kwa sababu aliwahi kulinda ofisi ya mawakili Arusha.

Redio: Bila msamaha hawaji, bwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mkataba: Apone wapi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule tulimpa msamaha, jembe tukashika wenyewe!

Redio: Si angelipa baadaye?

Mkataba: Nchi yetu na ya huyo mwekezaji zina mkataba, asitozwe kodi mara mbili. Basi huku anasema analipa kule, kule anasema analipa huku. Haba na haba hujaza kibaba.

Chiku: Kibaba cha nani?

Redio: Nyie hamjui kitu. Msamaha ukikaribia kwisha, kampuni inakufa. Inazikwa Ijumaa, Jumatatu inazaliwa na jina jipya. Huyu mpya ni yule yule, kanyoa ndevu tu!

Tukacheka wote, isipokuwa Mzee Melkizedeki.

Mzee: Awe yeye, awe pacha wake, mwacheni aje. Eliezeri wangu alikwenda Dar kwa sababu kiwanda kilifungwa. Kikifunguliwa, mwanangu anarudi.

Kila mmoja wetu ana mtu wake huko Dar, na mimi, kila basi likifunga breki pale stendi bado nageuza shingo. Inauma, sikufichi.

Salha, mwalimu aliyehamia mtaani majuzi, alikuwa amesimama akingoja kikombe.

Salha: Shikamoo, mzee.

Mzee: Marahaba, mwanangu.

Salha: Kwani Eliezeri mwenyewe amesema atarudi?

Redio akatazama viatu vyake. Chiku akainamisha birika, likatoa tone moja.

Mzee: Hajasema. Lakini barabara ile inapita mlangoni kwangu. Kesho nitaichonga. Siku akija, asije akakwama.