Kiti Kinachotazama Mlango: Maisha ya Mzee Kwan Yiu-sang, 1889–1958

Ndugu na marafiki, Mzee Kwan Yiu-sang tunayemzika leo alizaliwa tarehe 4 Machi 1889 mjini Namshui, kusini mwa China, mtoto wa tatu wa muuza chai. Alisoma shule ya wamisionari, akajua Kiingereza vizuri. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Hata paka akilala kitini kwake, yeye alitafuta pengine pa kukaa.

Mwaka 1911 aliajiriwa kuwa mkalimani wa balozi mdogo wa Uingereza mjini hapo, Bwana Hartnell. Miaka miwili baadaye alimwoa shangazi yangu, Tse Pui-laan, wakapata binti, Chiu-yin. Kaka yake shangazi, mwalimu Tse Pak-yu, ndiye aliyenizaa mimi.

Miaka michache baadaye China ilikuwa na serikali mbili, ya Beijing na ya Guangzhou. Waingereza waliitambua ya Beijing, lakini Namshui ilishikwa na watu wa Guangzhou, na meli za Kiingereza zilipita mtoni kwa hisani yao. Amri kutoka London ilikuwa hii: zungumzeni nao, ila msiwape heshima ya serikali. Mei 1922 balozi alimwalika kamishna wa Guangzhou chakula cha mchana, eti kama jirani tu. Viti alipanga marehemu. Alijua kwamba kwa desturi yetu kiti kinachotazama mlango ni cha mgeni wa heshima, na kwamba siku hiyo balozi alipaswa kukikalia mwenyewe. Lakini mgeni alipoingia, marehemu aliona haya kumweka pembeni, akamkaribisha pale pale. Bwana Hartnell hakushtuka. Kwake kiti ni kiti. Wapishi waliona, na kufikia jioni mji mzima ulikuwa ukisema Waingereza wamewakubali watu wa Guangzhou.

Baba yangu alikuwa ameombwa na watu hao awe mkuu wa elimu, akawa anasitasita. Akamwendea marehemu.

"Shemeji, usinifiche. Ni kweli?"

"Mambo ya ofisi hayo, Pak-yu."

"Basi nimeelewa. Ingekuwa uongo ungecheka."

Baba akaichukua kazi.

Agosti, jeshi la upande wa Beijing likarudi. Baba alikimbilia lango la ubalozi. Bwana Hartnell akasema hawezi kumpokea, kwani kumficha ofisa wa Guangzhou ni kukiri kwamba watu hao wana serikali. Maneno hayo aliyemtafsiria baba, kupitia nondo za lango, ni marehemu. Kesho yake baba alipigwa risasi.

Marehemu aliacha kazi wiki ile, akanichukua na kunilea. Mwaka 1938 alituhamishia hapa Hong Kong, akawa mwalimu wa Kiingereza. Tukipata wageni, yeye alikula jikoni, amesimama. Tulidhani ni mazoea ya uzee.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Januari, akiwa hospitalini, alimwambia shangazi mbele yangu, huku analia:

"Pui-laan, kile kiti nilimpa mimi. Mimi ndiye niliyemuua kaka yako."

"Baba Chiu, we mzee wewe! Unadhani sijui? Nani mwingine mle ndani alijua habari za viti? Yule Mzungu?"

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Na aliyemsukuma Pak-yu kuichukua ile kazi ni mimi. Nikakuacha uubebe mzigo peke yako, maana ulipoubeba wewe, mimi nilipata usingizi. Nisamehe, mume wangu."

Sijawahi kuona wazee wawili wakilia vile. Alifariki tarehe 11 Februari 1958, mkono wake umo mkononi mwa shangazi.

Ameacha mjane, binti yake Chiu-yin, na wajukuu wawili. Shangazi ameagiza kwamba kwenye orodha ya watoto niandikwe mimi kwanza, Tse Man-fai. Tangu nilipokuwa mdogo, kila nilipomwita baba alinikatiza: "Baba yako ni Pak-yu. Usinipe nisichostahili." Leo hawezi kunikatiza.

Pumzika sasa, Baba.