Taa Moja Nyekundu

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Bonyeza hata lile la cheti mkalisahau, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watatu, miezi miwili kabla ya wakati, maana hata tumboni alishindwa kusubiri.

Alisoma shule ya msingi hadi 1971, akahitimu ufundi umeme mwaka 1978, na tarehe 1 Februari 1979 akaajiriwa fundi taa katika ukumbi wa maonyesho, akawa anawatazama watu kutoka kijumba cha juu, akiumia kuona wamekaa kama magunia, kazi yao makofi tu. Tarehe 14 Agosti 1982 alimwoa mkata tiketi wa ukumbi huohuo, wakajaliwa mabinti wawili, na tarehe za kuzaliwa msizipigie hesabu.

Tarehe 6 Juni 1987 alizindua vitufe alivyofunga kwenye viti, ili watazamaji waamue kama baba wa mchezoni, aliyetelekeza wanawe, asamehewe, kijani ndiyo, nyekundu hapana, na kila kitufe kiliwasha taa juu ya kiti chake. Hapo ndipo alipokosea. Ukumbi mzima ulikuwa kijani, isipokuwa taa moja nyekundu juu ya kaka yetu mkubwa, aliyeacha shule ili atulee baba yetu alipotutoroka, watu wakageuka kumkodolea macho, wakamzomea, naye akatoka, na tangu hapo salamu za ndugu hawa wawili zikaishia mlangoni.

Kesho yake marehemu aling'oa taa zote, akaunda mtambo wa taa moja, inayozidi kung'aa kadiri vitufe vinavyobonyezwa, unaojua wangapi bila kujua nani, na dada yake huyu anayewasomea, ambaye siku zote anataka kujua nani, alinuna wiki nzima.

Aliugua mapafu Novemba 2021, kaka mkubwa akaja hospitalini, wakazungumzia mvua, wakaagana bila kuligusa lile la ukumbini. Alifariki tarehe 3 Mei 2023 alfajiri, akiwa ameshawaagiza mabinti zake wafunge vitufe kwenye viti mlivyokalia, na taa hiyo kando ya jeneza, akisema, "Anayenisamehe abonyeze, asiyeweza aache, na mtu asimchungulie mwenzake." Kaka mkubwa ameridhia haya yasomwe, yupo hapa, na ameketi wapi hatusemi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi chini, na mafundi wenzake waliovuta nyaya hizi tangu jana.

Sasa tuinamishe vichwa, dada mtu pia anainamisha, ingawa shingo inamwasha. Pumzika kwa amani, Bonyeza, taa yako haitamtaja mtu.