Mashine Inayokumbuka na Mtu Asiyeandika

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bwana Jayantilal Solanki anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika makumbusho yetu ya kompyuta hapa Hockley, Birmingham. Wasifu huu nimeuandika kwa Kiswahili makusudi, ili yeye ausome kwanza na bodi ingojee tafsiri. Safari hii wangoje wao.

Mzaliwa wa Kisumu, alifika Birmingham akiwa na miaka kumi na mitatu, akajifunza ufundi wa redio, hatimaye akakabidhiwa mashine yetu ya mwaka 1953. Zamani, ukitaka kompyuta ibadilishe kazi, ulichomoa nyaya na kuzichomeka upya kutwa nzima. Mwaka 1948, kule Manchester, mashine moja ikafanya kazi kwa maagizo yaliyowekwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, na hata simu iliyo mfukoni mwako inafuata mtindo huo. Yetu ni mdogo wake: maagizo yake huzunguka kama mawimbi ya sauti ndani ya mirija ya zebaki.

Mganga hajigangi. Mtunzaji wa mashine iliyobuniwa ili ihifadhi maagizo hakuwahi kuhifadhi la kwake hata moja. Bodi ilimwomba mwongozo kwa barua tano. Mwaka 2009 alijibu kwa karatasi moja: "Washa. Subiri. Sikiliza." Ilipokewa kwa shukrani, ikatiwa kwenye faili.

Agosti hii bodi ikazinduka. Ikatangaza kwamba mashine isipowaka bila yeye kabla hajastaafu, itazimwa moja kwa moja na kuwekwa nyuma ya kioo. Tuliogopa. Yeye aliogopa kuliko sisi, ingawa alisema ni mafua.

Aliyetuokoa ni Fortunée, fundi wetu mpya kutoka Bukavu, Kongo. Hakumwandikia barua. Alimwomba tu kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, unionyeshe," na mzee akamwaga yote. Kwa wiki sita Fortunée alijaza madaftari matatu, yote kwa Kiswahili. Humo imeandikwa, kwa mfano, kwamba zebaki iwe na joto la kikombe cha pili cha chai, si cha kwanza. Bodi imefurahi mno kupata mwongozo kamili, na sasa inatafuta mtu wa kuisomea.

Siku ya jaribio Fortunée alimzuia mlangoni: "Papa, ubaki inje. Leo iko zamu yangu." Mzee akasimama koridoni na koti lake mkononi, akitega sikio. Mashine ilipoanza kuchapa jedwali la namba, aliingia, akatangaza kwamba imechelewa dakika mbili, kisha akalia mbele yetu sote. Mafua hakuyataja.

Asante, Bwana Jayantilal, kwa kila asubuhi ulipoiamsha mashine. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu na jua la kutosha kwenye bustani yako ya Northfield. Jumatatu ukishindwa kukaa nyumbani, karibu sana: utapita mlango wa wageni, utakaa kwenye benchi, na hutagusa kitu.