Léocadie Nibitanga, Aliyekatazwa Kusema Anaumwa

Marehemu Léocadie alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Rumonge, Burundi, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Adrien na mama Epiphanie.

Shule aliianzia Rumonge, akaiendeleza katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, hadi darasa la sita. Huko mwalimu mmoja alimwambia mbele ya wenzake kuwa kichwa chake hakina kitu, naye akaamini. Hata alipofika Johannesburg mwaka 2008, akisuka katika saluni ya watu Rosettenville, alipokosea msuko alijitukana: "Mjinga mimi!" Wateja walicheka. Mdogo wake Clémentine, aliyesuka kando yake, hakucheka.

Tarehe 9 Julai 2011 alifunga ndoa na Valentin, dereva wa pikapu inayopeleka bidhaa kutoka Fordsburg hadi spaza, vile viduka vya mitaani, za Soweto.

Mwaka 2016 alijiunga na kikundi cha maombi cha kinamama. Kwao ni marufuku kujisemea vibaya. Ukithubutu, wote wanapiga makofi, "Futa!", nawe unajifuta midomo kwa kiganja na kusema jema. Tuseme ukweli, ilimsaidia. Aliacha kujitukana, akafungua saluni yake mtaa wa La Rochelle. Kila asubuhi alijiambia kwenye kioo, kwa sauti, "Léocadie, wewe ni fundi." Kuna mteja aliyengoja nje akidhani ndani kuna maongezi.

Februari 2024 Clémentine, akimfungia zipu ya gauni, aliona uvimbe kwapani.

"Eish, dada, hii kitu si ya kawaida. Twende kliniki."

"Futa! Mimi ni mzima."

Clémentine alimbembeleza mwaka mzima. Kikundi kilimwambia ugonjwa usiotajwa hauna pa kukaa. Ni uongo, na waliousema wapo hapa, wasikie. Alipokubali kupelekwa hospitali, saratani ilikuwa imefika mapafuni. Siku ya mwisho alimshika Clémentine mkono.

"Mdogo wangu, naumwa."

Kinamama waliozunguka kitanda wakapiga makofi: "Futa!" Akanyanyua kiganja kwa shida, akajifuta midomo. Alifariki tarehe 3 Mei 2025, saa nane mchana.

Ameacha mume, watoto wawili, Murielle na Gaël, mama yake na mdogo wake. Jumatatu saa moja asubuhi pikapu ya Valentin itatoka mbele ya saluni kwenda kliniki. Mama yeyote mwenye uvimbe apande. Anayetaka kusema anaumwa, aseme njia nzima. Mungu ampumzishe Léocadie kwa amani.