Mtaa Ulioibiwa Mara Sitini na Moja

Duka la dawa la kona ya mtaa wa Sui-be lilifungwa miaka sita iliyopita, lakini benchi lake lilibaki kibarazani, na benchi la bure halikosi wenyewe. Upande wa ukutani hukaa Birika, fundi redio wa miaka sabini na minne. Jina lake la kwenye kitambulisho ni Khu Bun-liong, na siku hizi anayelitumia ni daktari tu. Birika ndiye mwenye jiko la umeme, majani ya chai na vile vikombe vidogo vya kumeza mara mbili ukamaliza. Katikati hukaa Wembe, kinyozi ambaye wateja wake wameisha, nusu kwa upara na nusu kwa mauti. Mwishoni hukaa Mwalimu Sifuri, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na kugawa sifuri kwa moyo mkunjufu. Mama Popoo hakai. Kibanda chake kiko hatua mbili kutoka hapo, anafungia popoo kwenye majani ya tambuu huku akidakia maneno ya watu. Alhamisi hiyo, saa sita mchana, Birika alimimina chai ikakikosa kikombe, na kijiwe kizima kikajua kuna jambo.

— Siu-jin anakuja, akasema. Treni ya saa tisa.

— Si ndiyo heri? akasema Wembe. Mtoto kuja kwa baba yake kumekuwa msiba?

— Haji kutembea. Anakuja kunichukua.

— Kukupeleka wapi?

— Taipei. Ghorofa ya kumi na mbili. Ameona ramani ya polisi kwenye simu, mtaa wetu mwekundu kama pilipili. Mwaka jana kesi mbili. Mwaka huu mwezi wa tano haujaisha, sitini na moja! Anasema hawezi kulala usingizi huku baba yake anazeekea kwenye pango la wezi.

Hakuna aliyecheka. Mwaka jana Birika alikaa huko kwa bintiye siku nne, na mtu pekee aliyempata wa kunywa naye chai alikuwa msoma mita ya maji, naye alikunywa amesimama. Alikuwa anaogopa kurudi huko, anaogopa waziwazi.

— Tulia, mzee mwenzangu, akasema Mwalimu. Tuna saa tatu. Tumtafutie binti sababu ya kitaalamu, akifika tunamkabidhi, anageuza na treni ileile.

— Haya, lete huo utaalamu.

— Sababu ni mashine. Zamani ukiibiwa, unakwenda kituoni, afande anakukaribisha chai. Anakuuliza, umetazama chini ya kitanda? Hukumwazima shemeji? Unakunywa, unarudi nyumbani na tumbo limejaa, kesi hakuna. Tangu mwaka mpya kuna kompyuta. Ukitamka tu "nimeibiwa," karatasi inatoka na namba, na haifutiki. Hata mkuu wa kituo hawezi kuifuta.

— Hiyo tunaijua. Wizi umeongezeka kwa nini?

— Haujaongezeka. Ni ule wa zamani! Wizi wa miaka yote ulikosa pa kuandikwa, ukabaki umesongamana humu mtaani. Sasa mlango umefunguliwa, unatoka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwa hiyo mimi naibiwa leo pikipiki ya mwaka tisini? akauliza Wembe. Mwalimu, umechemka. Sikilizeni mimi. Mwizi ni binadamu. Anaruka ukuta, anachanika suruali, anaiba vizuri kabisa, halafu afande anaimeza kesi na chai. Mwizi anaumia, jamani! Kazi yake haionekani popote. Leo kila kazi inapewa namba na inachorwa kwenye ramani. Wewe ungekuwa mwizi, usingeongeza bidii? Chanda chema huvikwa pete.

— Wee, methali hiyo ni ya watoto wenye adabu!

— Na mwizi hakuzaliwa na mtu?

Mama Popoo akatema mate mekundu kwenye kikombe chake cha karatasi.

— Nyote mnapiga porojo. Kosa ni la mafundi waliopaka rangi kibanda cha mungu wa ardhi, pale kona. Walipomrudisha mzee wa watu, wakamgeuza anatazama kituo cha polisi. Miaka mia ameutazama mtaa wetu. Sasa anatazama kompyuta.

— Mama, sanamu lenyewe lina kimo cha chupa ya chai!

— Chupa ya chai nayo ndogo, mbona inakuunguza? Mgeuzeni muone kama kesi hazitashuka.

— Kwa mwendo huu hazishuki, akasema Mwalimu, ameshatoa kalamu na anapiga hesabu kwenye kiganja. Mwezi wa kumi kesi zinapita idadi ya watu. Mwaka wa tatu kila nyumba imeibiwa kila kitu. Mwaka wa nne wezi wanaanza kuibiana. Mwaka wa tano, vijiti vya kulia chakula vinaibwa kimoja kimoja, na hapo, ndugu zangu, mtaa mzima tutakula kwa mkono.

— Kompyuta yenyewe ina njaa, akasema Wembe kwa sauti ya chini. Inataka kulishwa. Ndiyo maana wameiwekea feni.

Birika aliwasikiliza, na kila nadharia ilivyozidi kupanda ndivyo mfuko wa shati lake ulivyozidi kuwa mzito. Ndani ya mfuko huo kulikuwa na karatasi tisa za polisi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mwezi wa kwanza, Mama Popoo aliripoti baiskeli yake imeibwa. Karatasi ilitoka na namba iliyoishia thelathini na nane. Jioni akaicheza namba hiyo kwenye bahati nasibu, akapata pesa ya friji. Baiskeli ilionekana kesho yake nyuma ya duka la tambi, alikoiegesha mwenyewe, lakini nani alijali baiskeli? Watu wa Sui-be huchukua namba za bahati popote: kwenye majivu ya ubani, kwenye kibao cha gari lililopinduka, kwa mama mkwe marehemu aliyekuja ndotoni. Itakuwaje wamwache polisi, ambaye namba zake zina muhuri wa serikali? Ila namba nzuri haitangazwi, hivyo kila mtu alikwenda kituoni peke yake, kwa kunyata. Birika aliripoti mwavuli. Akaripoti chungu cha mrehani, ndala ya kushoto, na wiki mbili baadaye ndala ya kulia. Namba ikizidi thelathini na tisa, mwisho wa bahati nasibu, aliigeuza nyuma mbele na kuicheza hivyo hivyo. Hakupata hata mia.

Alikuwa akijiambia kwamba karatasi tisa haziwezi kuuchafua mtaa. Sasa binti yake alikuwa ndani ya treni.

— Mimi tisa, akasema ghafla.

— Tisa nini?

Akazitoa akaziweka kwenye meza ndogo ya chai, karibu na birika. Wembe alizitazama, akakuna shingo.

— Kumi na nne, akasema.

— Wembe! akang'aka Mama Popoo. Wewe una nini cha kuibiwa mara kumi na nne?

— Mikasi. Na wewe je, mama, ulikomea kwenye baiskeli?

— Kumi na nane, akasema Mama Popoo, akiwa ameinamia popoo zake.

Wote wakamgeukia Mwalimu Sifuri.

— Kumi na saba, akasema. Lakini mimi nilikuwa nafanya utafiti.

— Mwongo mkubwa!

— Jumla hamsini na nane, akasema Mwalimu, ambaye hesabu haimpiti hata akiwa fedhehani. Zimebaki tatu. Jamani, tatu hizo ni za nani? Ina maana mwizi yupo kweli!

Kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wakaogopa. Mama Popoo akafunga droo yake ya pesa. Wakati huohuo Koplo Lau akapita na pikipiki ya doria, wakamsimamisha wote kwa pamoja.

— Afande, akasema Birika, sisi wazee tuna jambo la kuungama. Kesi hamsini na nane ni zetu, na ni za uongo. Zile tatu nyingine ni za nani?

Koplo Lau alikuwa kijana wa hapohapo, ameoa mwezi uliopita. Akavua helmeti, akakohoa.

— Wazee wangu, hizo tatu ni zangu. Niliripoti kofia, mara tatu.

Mtaa mzima haukuwa na mwizi hata mmoja. Birika nusura amkumbatie koplo.

— Basi zifute, mwanangu! Zifute sasa hivi, kabla ya saa tisa!

— Hazifutiki, mzee. Mkiungama naweza kuziandikia maelezo pembeni tu. Halafu kumdanganya polisi nalo ni kosa, kwa hiyo kila uongo mmoja nauandikia kesi yake mpya.

Mwalimu akapiga hesabu upesi.

— Sitini na moja mara mbili... mia moja ishirini na mbili!

— Rangi za ramani zinapanda mpaka zambarau, akasema koplo kwa huzuni.

— Na hizo kesi mpya, akauliza Mama Popoo, kila moja inatoka na namba yake?

— Mama!

— Nauliza tu.

Walikuwa bado wanamzomea Mama Popoo pale Siu-jin alipotokea, anaburuta sanduku la magurudumu, jasho linamtiririka. Mhasibu wa miaka arobaini na mbili, mrefu kama marehemu mama yake. Akainamisha kichwa kwa kila mmoja, shikamoo mwalimu, shikamoo mama, hata kwa koplo aliye mdogo wake kwa miaka kumi na tano. Kisha akaona karatasi mezani. Akazisoma moja moja, bila haraka.

— Baba, umeibiwa ndala ya kushoto?

— Hapana.

— Na ya kulia?

— Nayo hapana, mwanangu. Ninazo miguuni.

Ikabidi aelezwe yote: mashine, friji, mikasi, utafiti, kofia. Birika alieleza mwenyewe, ameinamisha uso, kwa sababu alijua aibu ya leo ndiyo nauli ya kubaki. Siu-jin alisikiliza mpaka mwisho. Alicheka kidogo ilipofika habari ya kofia, akaacha.

— Kwa hiyo wezi hawapo.

— Hawapo! wakaitikia wote, na koplo akiwemo.

— Na zamani, ramani ilipokuwa ya kijani? Mimi nimezaliwa hapa. Nilipokuwa na miaka tisa baiskeli yangu iliibwa mbele ya shule, afande akanipa peremende akaniambia nikatafute vizuri. Ile haikuhesabiwa. Miaka ile ya kesi mbili mbili, nani kati yenu aliibiwa kweli?

Mwalimu Sifuri akaitazama kalamu yake. Mama Popoo, ambaye hajawahi kukosa neno, aliikatakata popoo moja mpaka ikawa unga.

— Baba, wewe je?

Hilo ndilo Birika alilokuwa akilikwepa, si la ndala. Mwaka aliofiwa na mkewe, wakati wa matanga, mtu aliingia karakana akabeba sanduku lote la vifaa, mita, vyuma vya kulehemu, vali za redio za zamani alizozikusanya tangu ujana. Kituoni akanyweshwa chai. Kwa binti yake alisema tu kwamba amechoka na redio. Akisema ndiyo leo, lile sanduku la magurudumu litajazwa nguo zake. Akisema hapana, atakuwa amemdanganya mtu wa pili baada ya polisi, na huyu hana kompyuta ya kuandika maelezo pembeni.

Machozi yalimlenga, akajifanya anapuliza mvuke wa birika.

Siu-jin aliyaona. Kisha akalilaza sanduku chini, akamsogeza Wembe kwa nyonga, akakaa.

— Nina likizo ya wiki mbili, akasema. Hesabu ya polisi siiamini, ya zamani wala ya sasa, na yenu ndiyo kabisa. Nitakaa hapahapa nihesabu mwenyewe wizi wa mtaa huu. Nikimaliza ndipo tutaongea habari ya Taipei.

— Wiki mbili ni sampuli ndogo, binti, akasema Mwalimu.

— Nyamaza, Sifuri! akasema Birika, kwa ukali ambao kijiwe hakijawahi kuusikia kwake.

Akasuuza kikombe, akamimina, na safari hii hakumwaga hata tone. Tangu matanga ya mama yake, Siu-jin hakuwahi kulala Sui-be zaidi ya usiku mmoja. Birika alifurahi mpaka akaona haya mbele ya wenzake, na kimoyomoyo akaomba hesabu hiyo iwe ngumu.